Kahawa ya Panama: Geisha Iliyooshwa, Geisha Iliyokaushwa na Tunda, au Catuaí?

Rafu ya Panama katika duka la kahawa maalumu ina tabia ya kumduwaza mtu. Mifuko mitatu imepangwa sambamba, yote imeandikwa Boquete, yote imetoka kwenye miteremko ya mlima mmoja. Mmoja unauzwa bei ya kawaida ya kahawa nzuri. Jirani yake ni mdogo nusu yake, na bei imezidi mara kadhaa. Ukimuuliza muuzaji atakwambia zote ni nzuri. Hajakudanganya, ila hajakusaidia pia.

Mifuko hiyo huangukia makundi matatu, na ndiyo makundi yanayotumika hata kwenye mashindano ya Best of Panama yanayoendeshwa na chama cha wazalishaji wa kahawa maalumu wa nchi hiyo: Geisha (aina mojawapo ya mti wa kahawa) iliyooshwa, Geisha iliyokaushwa na tunda lake, na aina nyinginezo. Hizo nyinginezo, kwa mnunuzi wa kawaida, mara nyingi ni Catuaí au Caturra.

Nimezilinganisha kwa mambo matano: shamba, ladha, uthabiti (yaani kama mfuko wa leo utafanana na wa mwezi ujao), kazi ya jikoni, na bei. Ubora sikuuweka kwenye orodha, kwa makusudi. Mkulima makini wa Chiriquí, mkoa zinakotoka kahawa hizi, atakupa kahawa bora katika makundi yote matatu. Kinachowapotosha wanunuzi ni kudhani kwamba hizi ni ngazi, Catuaí chini na Geisha juu. Ni vinywaji tofauti, na kama wewe ni mtu wa kahawa nzito yenye maziwa, Geisha ya bei mbaya itakuacha unajiuliza pesa yako imekwenda wapi.

Mahali zinakotoka

Kahawa maalumu ya Panama hutoka karibu yote katika mkoa wa Chiriquí, magharibi mwa nchi, kuuzunguka mlima Barú. Ni volkano yenye urefu wa mita 3,474, mlima mrefu kuliko yote Panama. Boquete iko upande wa mashariki wa mlima, mji wa Volcán uko magharibi, na Renacimiento iko mbele zaidi, mpakani na Costa Rica. Mashamba yanayotajwa sana huanza kwenye mita 1,400 hivi na mengine hufika karibu 2,000. Udongo ni wa volkano, usiku ni baridi, tunda linaiva taratibu.

Boquete ina kitu cha ziada ambacho wenyeji wanakiita bajareque: manyunyu mepesi sana, karibu na ukungu, yanayosukumwa na upepo kutoka upande wa Bahari ya Karibi hata wakati wa kiangazi. Yanaipoza miti ya kahawa, na yanamkosesha usingizi mtu aliyeanika kahawa. Nitayarudia.

Mavuno ni kati ya Desemba na Aprili. Wachumaji wengi ni familia za Wangäbe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambao huhamia mashambani kwa msimu. Mti mmoja hupitiwa mara kadhaa, kila mara wakitoa matunda yaliyoiva tu.

Shamba

Geisha zote mbili ni mti uleule. Tofauti yao inaanza baada ya tunda kuchumwa. Na mti huu una safari ambayo msomaji wa Moshi atapenda kuijua. Mbegu zake zilikusanywa kusini magharibi mwa Ethiopia miaka ya 1930, zikapitia vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki, na mojawapo kilikuwa Lyamungu, chini ya Kilimanjaro, ambako leo ndiko makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, TaCRI. Mwaka 1953 zikavuka bahari hadi Turrialba, Costa Rica, kwenye kituo ambacho sasa ni CATIE, zikasajiliwa kwa namba T2722. Miaka ya 1960 zikaingia Panama.

Hazikupelekwa huko kwa sababu ya ladha. Zilisifiwa kwa kuvumilia ugonjwa wa kutu ya majani. Wakulima walipozipanda wakakuta matawi yanavunjika ovyo na mavuno ni haba, wengi wakaachana nazo. Mti ni mrefu, umekaa wazi, pingili zake zimeachana, kwa hiyo tawi la urefu uleule hubeba matunda machache kuliko la Catuaí. Ukizimwaga buni zake kiganjani utaziona tofauti bila kufundishwa: ndefu, nyembamba, ncha zimechongoka kidogo. Na Geisha haifichi kimo ilipolimwa. Ikishuka chini sana mlimani, harufu inafifia na inakuwa kahawa ya kawaida yenye jina kubwa.

Umaarufu ulikuja mwaka 2004, familia ya Peterson ya Hacienda La Esmeralda ilipotenga buni kutoka eneo lao la Jaramillo na kuziingiza peke yake kwenye mashindano. Mpaka hapo Geisha ilikuwa ikichanganywa na aina nyingine, na harufu yake ikimezwa humo.

Catuaí na Caturra ni habari nyingine. Zote zina asili ya Brazili. Caturra ni Bourbon iliyobadilika yenyewe ikawa fupi. Catuaí ilizalishwa na watafiti kwa kukutanisha Mundo Novo na Caturra ya njano. Miti ni mifupi, imeshikana, inazaa vizuri, inachumika bila ngazi. Kasoro yake kubwa ni kutu ya majani, ambayo mwaka 2012 na 2013 iliipiga vibaya Amerika ya Kati yote. (Chulebuni, ugonjwa unaowatesa wakulima wetu, haujavuka kwenda kule. Heri yao.) Kwa mkulima, huu ndio mti unaolipa ada za shule. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba kahawa ipo, na ipo ya kutosha.

Ladha

*Geisha iliyooshwa.* Tunda linamenywa, utelezi unaachwa uchachuke kisha unaoshwa, na buni inaanikwa ikiwa ndani ya ganda lake jembamba tu. Utamu wa nyama ya tunda haubaki kuifunika, kwa hiyo unachoonja ni mti na mlima. Saga, kisha nusa kabla hujamwaga maji: ni asumini, halafu ua la mchungwa. Maji yakiingia inajitokeza bergamoti, lile tunda linaloipa harufu chai ya Earl Grey, na nyuma yake mchaichai. Uchachu wake ni wa ndimu iliyokamuliwa kidogo tu. Uzito haupo, ni nyepesi mdomoni kama chai ya rangi.

Usiihukumu ikiwa ya moto. Kikombe kilichotoka kuchujwa sasa hivi hakisemi mengi. Kiache dakika tano au sita, kipoe hadi uweze kukishika bila kuhamisha vidole, ndipo utamu wa pichi unatokea na uchachu unatulia. Kikipoa kabisa bado kinanyweka, jambo ambalo kahawa nyingi haziwezi. Mtu aliyezoea kahawa chungu ya kibarazani na kashata pembeni anaweza kusema hii si kahawa. Anayo haki ya kusema hivyo.

*Geisha iliyokaushwa na tunda.* Hapa tunda linaanikwa zima, ngozi na nyama yake, kwa wiki kadhaa hadi likauke, ndipo likobolewe. Wakenya wanaiita mbuni, Kagera wanasema maganda, na kote kwetu njia hii imehusishwa na kahawa ya daraja la chini: masalia ya mwisho wa msimu, matunda yaliyodondoka, mabichi na mabovu pamoja. Weka kando dhana hiyo. Kule Chiriquí yanaanikwa matunda mekundu yaliyochaguliwa moja moja, kwenye vichanja, tabaka jembamba, yakigeuzwa kila mara.

Matokeo yake ni kikombe kinene zaidi, kitamu zaidi, chenye matunda mengi: embe, papai, pasheni, zabibu kavu, wakati mwingine kama divai. Asumini bado ipo ila imesogea nyuma. Mtu asiyejua kuonja ataitambua mara moja kwamba ni kitu tofauti, na hapo inaishinda iliyooshwa, ambayo huhitaji utulivu kidogo. Kwa upande wa pili, ukinywa kikombe cha pili na cha tatu, wingi huo wa tunda unaweza kukukinai. Mimi kikombe kimoja hunitosha.

*Catuaí na Caturra.* Zikioshwa, ni chokoleti, karameli, karanga, na chungwa kwa mbali, na kwenye mashamba ya juu hupatikana uchachu safi wa tofaa. Zina uzito wa kati, hazikushtui, na ukimaliza kikombe unataka kingine. Zikikaushwa na tunda zinaongeza ladha ya matunda ya porini na sukari guru, na hapo mtu anaweza kupata sehemu ya raha ya Geisha ya kundi la pili kwa bei ndogo. Harufu ya maua, kusema kweli, usiitafute humu.

Uthabiti

Hapa ndipo bajareque inaporudi. Buni iliyooshwa inakauka haraka, kwa kuwa imebaki na ganda jembamba. Tunda zima linakaa kichanjani kwa muda mrefu, na kila siku ya unyevunyevu ni mwaliko kwa ukungu na uchachu usiotakiwa. Mkulima wa Boquete anayekausha na tunda hulazimika kuanika chini ya paa la plastiki, kugeuza bila kuchoka, au kumalizia kwenye mashine ya kukaushia. Akiteleza, kikombe kinanuka siki au kitunguu.

Kwa hiyo, katika kundi la pili, jina la shamba lina uzito kuliko mahali pengine popote. Mwaka huu na mwaka ujao zinaweza kutofautiana, hata kichanja na kichanja. Iliyooshwa inatabirika zaidi: ukiipenda ya shamba fulani, kuna uwezekano mkubwa utaipenda tena msimu ujao. Catuaí iliyooshwa ndiyo thabiti kupita zote, na ndiyo maana mikahawa mingi inayouza kahawa ya Panama kila siku huitegemea hiyo.

Kuna pia mifuko iliyoandikwa kwamba imechachushwa bila hewa, ndani ya mapipa yaliyofungwa. Hizo zinapatikana katika makundi yote matatu, na huongeza ladha kali ya pombe, mdalasini au peremende za matunda. Sina ugomvi nazo, ila ukitaka kuijua Geisha kwa mara ya kwanza usianzie hapo, maana utakuwa unaonja pipa zaidi ya mti.

Jikoni

Geisha zote mbili zinataka chujio la karatasi, mizani na mashine ya kusagia inayotoa punje zinazolingana. Anza na gramu 15 kwa mililita 250 za maji, joto la nyuzi 92 hadi 94, na ulenge dakika tatu hivi. Iliyokaushwa na tunda ishushe hadi 90 kama inatoka nzito au chungu. Maziwa hapana, sukari hapana, tangawizi na iliki pia hapana. Si kwa sababu ya ustaarabu fulani, bali kwa sababu kile ulicholipia kitafunikwa chote.

Maji yanasahaulika, na yanaharibu kuliko kitu kingine. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Dar es Salaam, yataizima Geisha iliyooshwa kabisa. Tumia ya chupa yasiyo na madini mengi. Kundi la pili linastahimili kidogo kwa sababu ladha yake ni kubwa. Catuaí inastahimili zaidi ya zote.

Na Catuaí haikubagui kwa vyombo. Birika la moka, mashine ya espreso, birika la presi, hata kuchemsha kwenye sufuria na kuiacha itue, vyote vinakubali. Ikikaangwa kiasi, inabeba maziwa vizuri. Kwa nyumba yenye watu wanne wanaokunywa kila mmoja kwa mtindo wake, sifa hii inafunga mjadala.

Kwa zote tatu soma tarehe ya kukaangwa. Geisha hukaangwa kwa wepesi ili maua yasiungue, na kahawa ya namna hiyo huhitaji kupumzika siku kumi hadi wiki mbili kabla haijafunguka. Mfuko uliokaangwa juzi si lazima uwe mfuko bora wa leo.

Bei

Habari za mnada ndizo zimechanganya watu. Geisha ile ya 2004 iliuzwa dola 21 kwa ratili, na wakati huo ilikuwa rekodi iliyowashangaza wote. Mwaka 2019 Geisha ya shamba la Elida, iliyokaushwa na tunda, ilifika dola 1,029 kwa ratili. Mwaka 2025 kifurushi cha kilo 20 cha Geisha iliyooshwa ya La Esmeralda kilinunuliwa na kampuni ya Dubai kwa dola 30,204 kwa kilo. Piga hesabu: gramu 15 za kikombe kimoja ni dola 450 na ushei, kabla hata haijakaangwa.

Tazama kwamba rekodi moja ni ya iliyokaushwa na tunda, nyingine ni ya iliyooshwa. Mnada wenyewe haujaamua ipi bora, na bei hizo ni za vifurushi vidogo, wanunuzi wakishindania jina na heshima. Mfuko unaoukuta dukani haukupitia huko. Geisha ya dukani kwa kawaida hufungwa gramu 50 au 100, na gramu 100 ni vikombe sita, vikizidi ni kwa kubania. Bado ni ghali, kwa sababu zilizotajwa: mti unazaa kidogo, uchumaji ni wa taratibu, na mishahara na ardhi ya Panama si ya bei rahisi ukilinganisha na majirani zake. Gharama hiyo hiyo inaigusa Catuaí, ndiyo maana hata Catuaí ya Boquete inaizidi bei kahawa nyingi nzuri za Guatemala au Honduras. Ila utaipata kwa gramu 250, mwaka mzima, bila kujiuliza mara mbili kabla ya kumpikia mgeni asiyejua tofauti.

Tahadhari moja ya pesa. Jina Geisha, au Gesha kama wengine wanavyoliandika, sasa liko kwenye mifuko ya nchi nyingi, na si miti yote yenye jina hilo ina nasaba moja na ile ya Panama. Hata mfuko wa Panama wenyewe, usipoonyesha shamba, kimo na namna ilivyotayarishwa, unalipia neno tu.

Nani achukue ipi

Kama unakunywa kahawa bila maziwa, unapenda chai nzuri, na una dakika kumi za kukaa na kikombe bila simu, chukua Geisha iliyooshwa. Itakulipa pia kama unajifunza kuonja, kwa sababu kila kosa la maji au usagaji linaonekana.

Kama unataka kumshangaza mtu, iwe ni zawadi ya Idi au harusi, au mwenzako anayesema kahawa zote ni sawa, Geisha iliyokaushwa na tunda itafanya kazi hiyo kwa mkupuo wa kwanza. Nunua kwa shamba linalojulikana na mfuko mdogo. Aliyekulia kwenye kahawa ya Ethiopia ya Harar au Guji iliyokaushwa na tunda ataielewa upesi. Asiyependa harufu ya matunda yaliyochachuka aiepuke, bei isimshawishi.

Kama kahawa kwako ni ya kila asubuhi, ina maziwa, au inapikwa kwenye moka na watu wengi, Catuaí au Caturra iliyooshwa ndiyo yako. Mwenye mkahawa anayeanza kuuza kahawa ya Panama aanze hapo pia, kisha aweke Geisha ya kuchuja kwa oda.

Kama umeipenda Geisha ya kundi la pili lakini mfuko unakataa, tafuta Catuaí ya Volcán au Boquete iliyokaushwa na tunda. Maua utayakosa. Utamu na tunda utavipata.

Na kama una pesa ya mfuko mmoja na bado umesimama mbele ya rafu, usinunue leo. Maduka mengi ya kahawa maalumu huuza Geisha kwa kikombe. Agiza kimoja cha iliyooshwa, kiache kipoe, unywe bila kitu kingine mezani. Ukikimaliza kabla hakijawa baridi kabisa, utajua mfuko gani wa kwenda nao nyumbani. Ukijikuta unatafuta sukari, chukua Catuaí.